Mjomba, Burma ilikosa nini mwaka 1948?

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Sikukuu iliyopita, ulipoitoa ile nyota ya shaba, nishani ya vita ya marehemu babu, kwenye kopo la majani ya chai ukawaonyesha watoto, ulisema neno ambalo sikuthubutu kulijibu mbele ya wageni: kwamba Burma (leo Myanmar), nchi aliyoipigania babu, ilipewa uhuru ingali changa, na ndiyo maana haukupita mwaka ikaanza kujichinja yenyewe. Naomba radhi kwa kukujibu hadharani, lakini wanaosema hivyo ni wengi, wala si wewe peke yako.

Babu na wenzake wa keya, askari wa Kiafrika wa jeshi la Waingereza, katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, waliijua Burma kwa matope yake. Walilipita bonde la Kabaw mwaka 1944, mvua zikinyesha na malaria ikiwaangusha, wakafika Kalewa kwenye mto Chindwin mwezi Desemba, kisha wakarudishwa India bila kuiona Rangoon, mji mkuu wa wakati huo. Walichokiacha nyuma ni nchi iliyojaa bunduki. Waingereza walikuwa wamewapa silaha Wakaren na Wakachin, makabila madogo ya nchi hiyo, ili wapigane na Wajapani; Wajapani nao walikuwa wamelisaidia jeshi la Aung San, kiongozi wa wapigania uhuru wa Burma, kuundwa, jeshi ambalo liliwageuka tarehe 27 Machi 1945. Katikati ya hayo, mwaka 1942, askari wa jeshi hilo waliwaua wanavijiji wa Kikaren huko Myaungmya, kwenye delta ya Irrawaddy. Vita vilipokwisha, kila upande ulibaki na bunduki yake na makaburi yake.

Aung San aliliona tatizo hilo. Tarehe 12 Februari 1947, mjini Panglong, alitiliana sahihi makubaliano ya muungano na viongozi wa makabila ya Washan, Wakachin na Wachin, lakini Wakaren walihudhuria kama watazamaji tu. Katiba iliyofuata iliwapa Washan na Wakarenni haki ya kujitenga baada ya miaka kumi, ilhali suala la jimbo la Wakaren liliahirishwa. Hapo ndipo penye kosa, kwa maoni yangu, na si kosa la watu wasiojua kutawala. Ni la watu waliokuwa na haraka.

Kisha ikafika tarehe 19 Julai 1947. Asubuhi hiyo watu wenye bunduki waliingia kwenye jengo la Sekretarieti mjini Rangoon, baraza la mawaziri likiwa kikaoni, wakamuua Aung San, mwenye umri wa miaka 32, pamoja na wajumbe sita. Tazama ni akina nani waliokufa naye, mjomba: Mahn Ba Khaing alikuwa Mkaren, Sao San Tun alikuwa mtawala wa Kishan, na Abdul Razak alikuwa Mwislamu. Aliyewatuma wauaji, U Saw, aliwahi kuwa waziri mkuu chini ya Waingereza, na ofisa mmoja wa Kiingereza alifungwa kwa kumpatia silaha. Anayesema nchi ile haikuwa na viongozi aulizwe kwanza walikwenda wapi.

Uhuru wenyewe ulitangazwa tarehe 4 Januari 1948, saa 10:20 alfajiri, saa iliyochaguliwa na wanajimu. (Usicheke, hata kwetu wapo wasioanza safari bila kuulizia.) U Nu akawa waziri mkuu na Sao Shwe Thaik, Mshan, akawa rais. Mwishoni mwa Machi wakomunisti wakaingia msituni, mwezi Julai wakafuatwa na sehemu kubwa ya wanamgambo waliokuwa wa Aung San, na Agosti baadhi ya vikosi vya jeshi vikaasi.

Sasa hapa ndipo ninapotaka unisikilize. Mkuu wa majeshi mwaka huo alikuwa Smith Dun, Mkaren, na vikosi vya Wakaren na Wakachin vilikuwa miongoni mwa vile vilivyosimama upande wa serikali wengine walipoikimbia. Waliookoa muungano ule ni pamoja na wale ambao muungano haukuwa umewapa jimbo. Malipo yao yalikuja mkesha wa Noeli, pale wanamgambo wa serikali walipowaua makumi ya Wakaren waliokuwa kanisani huko Palaw, kusini mwa nchi. Tarehe 31 Januari 1949 mapigano yakaanza Insein, karibu kabisa na Rangoon, na Insein ikazingirwa kwa siku 112. Smith Dun akaondolewa, nafasi yake akapewa Ne Win, yule yule aliyepindua serikali mwaka 1962.

Sisi wenyewe, Januari 1964, askari wetu waliasi pale Colito, kambi ya jeshi ya Dar es Salaam, hata Waingereza wakaitwa kuja kuwanyang'anya silaha, na sijawahi kukusikia ukisema Tanganyika ilikuwa changa mno.

Bendera waliyoipandisha alfajiri ile ilikuwa na nyota moja kubwa nyeupe, na nyota tano ndogo zikiizunguka. Nikija Desemba nitakuja na picha yake, na ukiniruhusu nitaiweka mezani kando ya ile nyota ya babu, watoto waziangalie zote mbili.

Ni mimi, mpwa wako.