Barua ya wazi kwa mpwa wangu: usimruke Finlay

Mpwa wangu,

Nimeisoma rasimu ya mada yako ya homa ya manjano. Umeianzia mwaka 1900, kwa daktari Walter Reed na tume ya jeshi la Marekani iliyochunguza ugonjwa huo. Nakuomba uirudishe nyuma miaka 19, uianzie Havana, Cuba, kwa daktari Carlos Finlay. Bila yeye wasikilizaji wako hawataelewa kwa nini jibu, kwamba mbu ndiye anayeeneza homa hiyo, lilipatikana mapema hivyo na likakaa bila kutumika.

Finlay alizaliwa Cuba tarehe 3 Desemba 1833, akasomea udaktari Philadelphia. Zama hizo madaktari walilaumu hewa chafu na matandiko ya wagonjwa, na hata yeye alitumia miaka akipima hewa ya Havana. Kilichomgeuza ni mishipa ya damu, maana ugonjwa ulikuwa unaharibu kuta zake. Akajiuliza: ni kitu gani kinaweza kuchota sumu ndani ya mshipa wa mtu mmoja na kuiingiza kwenye mshipa wa mwingine?

Kati ya mbu wote wa mji ule alimchagua mmoja, yule tunayemwita leo Aedes aegypti, mweusi mwenye pete nyeupe miguuni. Jike wake hunywa damu, akishaimeng'enya hurudi kung'ata tena. Tena hulegea penye baridi, na homa ya manjano nayo haikupanda nyanda za juu. Tarehe 14 Agosti 1881 Finlay aliisoma hoja hiyo mbele ya akademia ya sayansi ya Havana. Ikapokelewa kwa ukimya.

Hakuishia kwenye maneno. Alimnasa mbu ndani ya neli ya kioo, akaiziba, kisha akaigeuzia mdomo juu ya ngozi ya mgonjwa hadi mbu ashibe. Baada ya siku chache neli ileile iliwekwa juu ya mkono wa mtu mwenye afya aliyejitolea. Alirudia hivyo kwa watu wapatao 100, lakini matokeo yalikuwa hafifu, wakosoaji wakapata la kusema.

Hapa ndipo nataka ukae kwa muda. Mgonjwa huweza kumwambukiza mbu katika siku 3 hivi za mwanzo wa homa. Baada ya hapo virusi huhitaji takriban siku 12 kutoka tumboni mwa mbu hadi kwenye tezi za mate, na penye baridi huchelewa zaidi. Finlay mara nyingi alisubiri siku 2 hadi 6 tu, kwa hiyo mbu wake walikuwa bado hawajaiva. Mdudu alikuwa sahihi, hesabu ya siku ndiyo iliyomwangusha. Mwaka 1898 daktari wa Marekani Henry Carter, akifuatilia nyumba moja moja huko Mississippi, aliona kuwa kati ya mgonjwa wa kwanza na walioambukizwa nyumbani mwake hupita wiki mbili au zaidi. Tume ya Reed ilipofika Cuba, mayai ya mbu ilipewa na Finlay mwenyewe. Safari hii walisubiri siku za kutosha, na hoja ya Finlay ikathibitika. Jesse Lazear wa tume hiyo alikufa kwa homa hiyo tarehe 25 Septemba 1900. Mtaje pia Aristides Agramonte, mzaliwa wa Cuba aliyekuwa mjumbe wa tume, maana husahaulika.

Mwaka 1901 William Gorgas, daktari wa jeshi la Marekani, aliifanyia kazi hoja hiyo mjini Havana: wagonjwa wakawekwa nyuma ya wavu, maji yaliyotuama yakamwagiwa mafuta, vyumba vikafukizwa pareto, zao hilihili linalolimwa Iringa na Nakuru. Moshi wa pareto huweza kumlevya mbu bila kumuua, hivyo walioanguka sakafuni walifagiliwa na kuchomwa. Kabla mwaka haujaisha, homa ikatoweka mjini.

Malizia na mbu huyohuyo wa Dar es Salaam, anayeeneza kidingapopo (homa ya dengi). Usiwaambie watu wamwage maji tu. Mayai yake, meusi kama chembe za baruti, hunata kwenye ukuta wa pipa juu kidogo ya usawa wa maji, hukauka na kukaa miezi, kisha huanguliwa pipa likijazwa tena. Ukuta usuguliwe kwa brashi kila wiki. Na kwa kuwa hung'ata mchana, chandarua muhimu zaidi ni kile cha mgonjwa aliyelala mchana akiwa na homa.

Mjomba wako