Anayeomba kibali cha bastola aulizwe pia kuhusu ala

Ndugu Mhariri,

Mwezi wa tano mwaka huu tulikuwa msibani Usa River. Shemeji yangu, mfanyabiashara wa ng'ombe anayemiliki kwa kibali rivolva, ile bastola yenye silinda ya risasi inayozunguka, aliinama kumpa mkono bibi aliyekuwa ameketi kwenye mkeka. Bastola ikachomoka kiunoni, ikagonga saruji ya baraza na kuteleza hadi karibu na mtoto wa miaka kama minne aliyekuwa akichezea kizibo cha soda. Mtoto aliacha kizibo, akanyoosha mkono. Mama yake alimkwapua kabla hajaigusa. Mlio wa kile chuma kwenye saruji bado ninao masikioni.

Haikufyatuka, namshukuru Mungu. Lakini miezi minane kabla ya hapo shemeji alikuwa amefika kibandani kwangu Ngarenaro kuulizia ala, yaani mfuko mgumu wa kubebea bastola kiunoni. Nilimtajia shilingi 60,000, akasema ni ghali, atachomeka kiunoni tu. Bastola yenyewe aliinunua kwa mamilioni. Nilimwacha aende. Siku ile msibani nilijuta kumwacha, na ndiyo sababu naandika barua hii.

Mimi ni fundi wa ngozi, mwaka wa 22 sasa. Nilianza kwa kushona ala za sime za Wamasai wanaokuja mnadani Meserani, nikaingia kwenye mikanda na viatu, na kwa miaka 11 natengeneza ala za bastola kwa wenye vibali: wafanyabiashara wa madini, wanunuzi wa mifugo, mama mmoja mwenye vituo vya mafuta. Wengi wao wanaita "kava". Mimi naita ala, kwa kuwa kazi ni ile ile ya sime: kufunika makali. Makali ya bastola yako kwenye triga, kile kinachovutwa kwa kidole.

Mteja akija, anafungua silinda mwenyewe, anamwaga risasi kwenye kofia yake, kisha sote wawili tunahesabu matundu. Sihesabu risasi. Risasi tano ndani ya kofia hazikuambii kama silinda ina matundu matano au sita, na kama la sita limebaki na kitu. Baada ya hapo bastola inakaa mkononi mwake, mimi napima kwa futi kamba. Haibaki kwangu hata dakika moja, maana kibali ni cha kwake. Kwa kazi yenyewe nina vifano vya bastola nilivyochonga kwa mti wa mninga: cha rivolva ya risasi tano yenye mtutu wa inchi mbili, na cha risasi sita yenye mtutu wa inchi nne. Naloweka ngozi kwenye maji ya uvuguvugu, naivisha kifano, naibonyeza kwa dole gumba na kipande cha mfupa mpaka uvimbe wa silinda na ukingo wa triga, ile pete ya chuma inayoizunguka, vijichore juu yake. Inakauka kivulini siku mbili. Ukiianika juani inapasuka.

Ngozi lazima iwe iliyosindikwa kwa magome, kama ya miti ya miwati inayolimwa Njombe. Ngozi ya krom, iliyosindikwa kwa kemikali, ile laini inayotumika kwenye mikoba na viatu vingi, haishiki umbo hata uibonyeze wiki nzima, na chumvi zake zikikutana na jasho zinakula chuma. Nimeona rivolva ya mteja kutoka Tanga ikiwa na kutu ya rangi ya chai ubavuni kote, pale pale ilipokuwa imelala ndani ya kava la krom. Na hata ukiwa na ala nzuri ya magome, bastola isilale ndani yake usiku. Ngozi hunywa unyevu. Futa bastola kwa kitambaa chenye mafuta kidogo, iweke kasikini, ala ikae nje ipate hewa.

Sasa, mnunuzi aangalie nini? Kwanza triga ifunikwe yote, pande zote mbili. Bastola ikiwa tupu na ikiwa ndani ya ala, bonyeza kwa kidole kutokea nje mahali triga ilipo. Ukihisi inasogea, usinunue. Pili, mdomo wa ala ubaki wazi bastola ikitolewa. Mimi nashonea ukanda wa ngozi ya pili kuzunguka mdomo kwa ajili hiyo. Mdomo ukilegea, siku moja unarudisha bastola kwa haraka, ncha ya ngozi inajikunja, inaingia kwenye ukingo wa triga, nawe unasukuma kwa nguvu zako zote. Rivolva triga yake ni nzito kuivuta, na watu wanadhani uzito huo ni ulinzi. Mkono unaosukuma ni mzito zaidi. Kwa hiyo wakati wa kuchomoa unaweza kuwa na haraka, lakini wakati wa kurudisha huna haraka yoyote: angalia kwa macho.

Tatu, igeuze juu chini ikiwa na bastola tupu ndani, juu ya godoro, uitikise. Isidondoke. Kisha ivae uchuchumae. Vyoo vyetu vingi ni vya kuchuchumaa, na hakuna mtihani wa ala unaozidi huo.

Kwenye mkanda ndipo nagombana na wateja zaidi. Mtu anataka ala bora, halafu anaivalisha kwenye mkanda wa shilingi 5,000 ambao ndani ni karatasi iliyogandamizwa. Rivolva ndogo ya alumini ina kama gramu 400 bila risasi, ya chuma ya ukubwa huo inazidi gramu 550, na ile ya risasi sita yenye mtutu wa inchi nne inakaribia kilo nzima. Mkanda laini unapinda, ala inalala nje, mpini unachungulia kwenye shati. Mkanda uwe na upana wa milimita 38, ngozi mbili zilizoshonwa pamoja, na vitanzi vya ala viwe na upana huo huo. Vikiwa vipana, ala inatembea kiunoni kama mtoto asiyetulia.

Kinachomfichua mbebaji, mara nyingi, ni mpini. Mtutu uko ndani ya suruali, haumsumbui mtu. Mpini mkubwa wa mpira unang'ang'ania kitambaa na shati linabaki limepanda juu. Wa mbao laini unaliacha lishuke. Silinda ndiyo sehemu nene, kwa hiyo ala ikae nyuma kidogo ya mfupa wa nyonga, upande wa mkono unaotumia, mahali mwili wenyewe una bonde. Suti ya Kaunda inaficha vizuri kuliko koti la suti lenye mpasuo nyuma. Shati la kuchomekea ndani ya suruali halifichi kitu.

Wengine wanapenda mfukoni. Inawezekana kwa rivolva ndogo, hasa zile ambazo nyundo yake, kile kipande cha nyuma kinachogonga risasi, imefichwa ndani ya mwili wa bastola, kwa sababu nyundo yenye kipembe hunasa kwenye kitambaa. Lakini mfukoni pia ni lazima ala, yenye ngozi ya kukwaruza nje ili ibaki mfukoni bastola inapotoka, na mfuko huo usiwe na kitu kingine. Si funguo, si sarafu, si simu. Risasi za akiba zikae mfuko mwingine kwenye kijaluba chembamba cha matundu matano. Zikiwa huru mfukoni zinakusanya vumbi na kumwagika unapotoa leso.

Yule mama wa vituo vya mafuta aliniletea mkoba wake wa begani nimtengenezee mfuko wa siri ndani. Nilimshawishi asifanye hivyo. Vishandu, wale waporaji wa pikipiki, hawajui mkoba una nini, wanavuta tu, na siku hiyo wanaondoka na fedha pamoja na silaha. Gauni halina mkanda, kwa hiyo nilimshonea ukanda mpana wa lastiki wa kuvaa kiunoni ndani ya nguo, na juu yake nikafunga ala ngumu. Lastiki peke yake haitoshi, triga inabonyezeka kupitia kitambaa.

Sisemi haya ili nipate wateja. Ala za plastiki ngumu iliyopashwa moto na kufinyangwa kwa umbo la bastola husika ni nzuri, zinavumilia jasho kuliko ngozi, na mimi sizitengenezi. Ninachokataa ni yale makava ya nailoni ya "inaingia bastola yoyote". Ala inayoingia bastola yoyote haishiki hata moja.

Ombi langu ni kwa wanaosimamia vibali. Wateja wangu wananiambia waliulizwa watahifadhi wapi silaha nyumbani. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia aliulizwa ataibeba ndani ya nini. Afrika Kusini, sheria yao ya udhibiti wa silaha ya mwaka 2000, kifungu cha 84, inataka bastola hadharani iwe ndani ya ala au kibebeo kilichotengenezwa kwa ajili yake, au ndani ya begi, ifunikwe kabisa isionekane, na mbebaji awe na uwezo wa kuidhibiti. Hapa kwetu anayeomba au kuhuisha kibali angetakiwa aje na ala yake na mkanda wake, bastola ikiwa tupu, aigeuze ala juu chini, aivae achuchumae, ainame kama anayemsalimia bibi. Ni zoezi la dakika tano.

Shemeji alirudi wiki iliyofuata baada ya msiba. Tulihesabu matundu matano, nikapima, na safari hii hakuuliza bei. Nilimwambia arudi na mkanda mwingine, ule aliovaa nikaukunja kwa vidole viwili mbele yake.

Kama ofisa yeyote wa polisi mkoani Arusha ataona zoezi hilo linafaa, vifano vyangu vya mninga vipo kibandani. Nitavileta kituoni mwenyewe, bila malipo, siku yoyote isipokuwa Jumatano, ambayo ni siku yangu ya kufuata ngozi.

Fundi wa ngozi,
Ngarenaro, Arusha