Barua ya wazi kwa vijana mnaotengeneza programu za simu

Wanangu,

Salamu zangu leo ni fupi, maana nina hasira. Juzi mama lishe wa mtaani kwetu aliniomba nimsomee programu ya mikopo aliyopakua. Kitufe cha "Chukua sasa" ni cha kijani, kimejaa upana wote wa kioo. Cha kukataa kimeandikwa kwa kijivu hafifu, nikakitafuta mpaka nikavua miwani na kuivaa tena. Juu kuna saa inayohesabu sekunde: ofa inaisha! Ikafika sifuri, ikaanza upya. Chini kabisa tiki imeshawekwa, kwamba ameruhusu programu isome namba zote alizohifadhi. Yeye hakuiweka. Aliiweka mmoja wenu, akalipwa.

Msiniambie mteja amekubali mwenyewe. Mtu anayesonga ugali huku ameshika simu hasomi, anafuata rangi. Nanyi mnalijua hilo, maana mnalipima: nusu ya watu mnawapa kitufe hiki, nusu kile, halafu mnabaki na kile kilichobonyezwa zaidi. Hapo mmepima nini, haja ya mteja au uchovu wake?

Mwaka 1957 Mmarekani James Vicary alitangaza kwamba alipachika ndani ya filamu maneno ya kuwahimiza watazamaji wale bisi na kunywa Coca-Cola, yakipita kasi kuliko jicho, na mauzo yakapanda. Watu wakapandwa na hasira. Mwaka 1962 akakiri kuwa takwimu zake zilikuwa chache mno kuthibitisha lolote. Kelele zote zile kwa jambo la kubuni! Leo ujanja unaofanya kazi uko wazi kwenye kioo, mchana kweupe, na tumenyamaza.

Wakubwa wa kazi yenu nao wamewapa mfano mbaya. Januari 2012 Facebook iliwachezea watu 689,003 kile walichokiona kwenye kurasa zao kwa wiki moja, wengine wakipunguziwa ya furaha, wengine ya huzuni, ili ione kama na wao wataandika hivyo. Badiliko lilikuwa dogo sana. Lakini hakuna aliyeambiwa.

Nawaomba haya. Vitufe viwili vilingane. Tiki aweke mteja. Saa ya uongo ifutwe. Kujitoa kuwe kwepesi kama kujiunga.

Na serikali zetu nazo. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitaja programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni, jambo jema. Ila mwenye leseni naye ana wasanifu wa vitufe. Ulaya, tangu Februari 2025, sheria ya akili unde (AI) inakataza mifumo hiyo kutumia mbinu za kumsukuma mtu pasipo yeye kutambua, zikimletea madhara makubwa. Sisi bado tunafungua semina kwa chai na sambusa.

Wanangu, baadhi yenu nimewaona mkikua, mkifungua redio mbovu za baba zenu na kuzifanya ziongee. Najua kazi ni adimu, na bosi akisema badili rangi, unabadili. Basi akikuletea mchoro wa namna ile, mwombe akueleze kwa barua pepe kwa nini kitufe cha kukataa kifichwe. Mwulize kwa adabu, na nakala umpelekee mwanasheria wa kampuni.

Mzee wenu,
Morogoro