Mlio wa Land Rover unaonyamaza mvua ikinyesha

Kwako Mshauri wa Magari,

Salamu kutoka Lang'ata. Nina Land Rover Defender 110 ya mwaka 1996, injini ya 300Tdi, na chini yake kuna mlio ambao umezaa maoni mengi kuliko spana zilizoko gereji.

Asubuhi nikiondoka nyumbani gari huwa kimya. Nikishaingia Southern Bypass na kufika kama kilomita 50 kwa saa, unaanza: kwi-kwi-kwi, sauti nyembamba ya kifaranga aliyefungiwa ndani ya debe. Nikiongeza mwendo unaharakisha, nikipunguza unalegea. Mvua ikinyesha, au gari likitoka kuoshwa, hausikiki. Jua likiwaka siku mbili tatu, huo umerudi. Tena kuna kishindo, kng'o! moja tu, ninapoachia mafuta na kukanyaga tena nikiwa gia ya tatu. Kama vyote viwili vinatoka mahali pamoja, hapo ndipo ninapokwama.

Nikitia nyutro gari likiwa bado linakwenda, injini inashuka lakini mlio unaendelea kufuata magurudumu. Kwa hivyo mikanda, altaneta na turbo nimeviondolea lawama. Nikiyumbisha usukani kushoto na kulia haubadiliki, na nikigusa breki kidogo haunyamazi.

Fundi wa kwanza alishika propela ya nyuma, ile shafti inayopeleka nguvu kwenye ekseli ya nyuma, akaitingisha, akasema kros, yaani viungo vya kukunjika vilivyo kwenye ncha zake, ni nzima. Sikuridhika. Gari lilikuwa kwenye mteremko, limeshikiliwa na handibreki, na handibreki ya Defender haishiki magurudumu; inashika dramu iliyo nyuma ya transfa (sanduku la gia linalogawa nguvu mbele na nyuma), pale propela inapofungiwa. Uzito wote wa gari ulikuwa umeikaza ile propela. Ulegevu ungeonekana wapi?

Tulirudia mahali tambarare, mawe chini ya matairi, handibreki imeachiwa, gia nyutro. Mkono haukuhisi ulegevu wowote. Lakini tulipopiga grisi kwenye kros ya nyuma, ilitokeza kwenye vikombe vitatu kati ya vinne vinavyoshika ncha za kros. Cha nne hakikutoa kitu, na pembeni yake kuna unga mwekundu. Kutu? Gari hili hupanda Kiambu kila wikendi, na udongo wa kule unaujua rangi yake, kwa hivyo siwezi kuapa.

Fundi wa pili hataki kusikia habari za kros. Kwake kile kishindo ni meno ya transfa yaliyolika, na anataka kuishusha aifungue. Wa tatu anasema ni joint ile iliyo juu ya ekseli ya nyuma, inayoshika mikono ya A, ile inayoizuia ekseli isiyumbe. Huyu angalau alilala chini ya gari kabla ya kusema.

Wazo langu ni kufungua propela ya nyuma, nikiwa nimetia alama kwenye flenji ili irudi ilivyokuwa, nifunge (nilock) difu ya katikati, ile iliyo ndani ya transfa inayoruhusu ekseli mbili zizunguke kwa kasi tofauti, kisha niendeshe kwa magurudumu ya mbele pekee. Mlio ukiisha, mshtakiwa ni propela. Ukibaki, nitaangalia propela ya mbele, au difu ya nyuma, kwa sababu pinioni yake, gia ndogo inayopokea propela, itaendelea kuzungushwa na magurudumu. Fundi wa transfa amenionya kwamba kuendesha kwenye lami difu ikiwa imefungwa kutavunja meno. Ninavyoelewa mimi, hatari hiyo huja pale ekseli zote mbili zinapovutwa na kushindana kwenye kona. Propela moja ikiwa haipo, zitashindanaje? Handibreki najua itashika magurudumu ya mbele tu, tena difu ikiwa bado imefungwa, kwa hivyo mawe yatakuwa karibu.

Naomba unijibu haya. Jaribio hilo ni salama kwa mwendo mfupi hapa mtaani? Kros iliyokauka kikombe kimoja inaweza kulia bila kulegea mkononi? Na nikibadilisha, nibadilishe zote mbili za propela ile, au hiyo ya nyuma pekee? Kishindo nacho, kikibaki baada ya kros mpya, nianzie kwenye joint ya ekseli au nikubali transfa ifunguliwe?

Fundi wa transfa ananingoja Jumamosi, na ameshaulizia malipo ya awali.

Mwenye Defender,
Lang'ata, Nairobi