Tuwabane wawaniaji wa wadi kwa maswali ya bajeti

Mhariri,

Mwaniaji wa kiti cha wadi akikuahidi shule ya sekondari au kituo cha polisi, jua anauza asichokuwa nacho. Hayo ni ya serikali ya kitaifa. Jedwali la Nne la Katiba ya Kenya ya 2010 limeipa kaunti zahanati, chekechea, masoko, maji, uzoaji taka na barabara za kaunti.

Hata katika hayo, mwakilishi wadi hajengi. Kazi yake katika bunge la kaunti ni kutunga sheria, kupitisha bajeti na kumkagua gavana. Kwa hivyo akisema ataleta zahanati, tumuulize: imo katika mpango wa maendeleo wa mwaka, ambao hufikishwa bungeni kufikia Septemba 1? Atautetea vipi makadirio ya bajeti yakiwasilishwa kufikia Aprili 30? Anayesubiri Juni huwa amechelewa, kwa kuwa makadirio tayari yamegawa fedha.

Swali ninaloliona zito zaidi ni hili: nani atamlipa muuguzi? Ujenzi hutoka fungu la maendeleo, lakini mishahara na dawa hutoka matumizi ya kawaida. Fungu la pili likisahaulika, jengo hupakwa rangi, likazinduliwa kwa shangwe, kisha likafungwa kufuli huku akina mama wajawazito wakipita mlangoni kwenda mbali.

Vyama viwape wawaniaji nakala ya mpango wa kaunti wa miaka mitano kabla ya mchujo. Asiyeweza kutaja mradi mmoja wa wadi yake uliokwama, na fungu ulilokwamia, asipewe tiketi.

Mpiga kura,
Kenya