YAH: Malalamiko dhidi ya tawi lenu la Tanga kuhusu kisanduku cha vyambo vya manyoya

Tanga,
3 Februari 2025

Ndugu Meneja Mkuu,

Ninakuandikia kwa heshima, ingawa heshima hiyo mimi sikuipata kwenye kaunta yenu ya kusafirisha mizigo ya Tanga tarehe 27 Januari, pale msimamizi wenu wa zamu alipochana mkanda wa kisanduku changu mbele ya wateja, akakipindua juu ya kaunta, akanyanyua chambo kimoja kwa ncha za vidole viwili kama mtu aliyeshika mende, na kuniuliza kwa sauti iliyosikika hadi barabarani: "Babu, hivi ni vitu vya mganga gani?"

Masharti ya kufungua mzigo wa mteja mnayajua kuliko mimi, kwa kuwa mmeyachapa wenyewe nyuma ya stakabadhi. Nitakumbusha tu kwamba yaliyomo kisandukuni yaliandikwa kwenye fomu kwa mwandiko wa karani wenu, "vyambo vya kuvulia samaki", na thamani yake, shilingi 480,000, ikaandikwa chini yake. Nililipia huduma ya haraka hadi Nyeri, Kenya, kupitia Horohoro, na siku hiyo ya kupokea fedha zangu hakuna aliyeuliza habari za waganga.

Kwa kuwa inaonekana tawini hakuna aliyejua alichokishika, naomba mnivumilie. Chambo cha namna hii ni ndoana ndogo, namba 14 au 16 (na kwa ndoana hizi namba ikipanda umbo hupungua), ambayo hubanwa kwenye jiliwa, kisha huzungushiwa uzi mwembamba uliopakwa nta, pamoja na manyoya ya ndege na nywele za mnyama, mpaka ifanane na mdudu wa mtoni. Samaki anayevuliwa nacho ni trauti, ambaye huku kwetu pwani hayupo kwa sababu hutaka maji ya baridi, lakini mito ya nyanda za juu za Kenya inaye tangu alipopandikizwa mwaka 1905, naye hukataa chochote kinachoelea vibaya. Nusu ya kisanduku ilikuwa ya chambo kiitwacho Adams, kilichobuniwa Michigan, Marekani, mwaka 1922, ambacho hutaka unyoya wa jogoo wa kahawia na unyoya wa jogoo mwenye milia myeusi na myeupe, yote mawili yazungushwe pamoja karibu na tundu la ndoana. Unyoya wenyewe ni wa shingoni, tena wa jogoo aliyekomaa, maana wa kuku mchanga ni laini na hunywa maji. Wachinja kuku wa Ngamiani wameshachoka na mimi kwa kuchambua shingo moja baada ya nyingine. Vinyweleo vya unyoya huo ndivyo vinavyosimama juu ya maji na kukibeba chambo. Vikivunjika, chambo huzama, na mvuvi anayejua kazi yake hakinunui.

Sasa turudi kaunta. Kisanduku kilikuwa na vyumba vidogo vyenye vyambo vilivyopangwa kwa namba, na kifuniko chake hufunguka kwa kidole kimoja. Msimamizi hakukifungua, alikipindua. Vyambo vilimwagika juu ya daftari la mizigo, vingine vikaanguka sakafuni, na karani aliyekuwa akipita akavikanyaga. Nikamwambia msimamizi, "Mwanangu, taratibu, vina ndoana." Akanijibu kwamba ofisi yake haisafirishi hirizi, na watu wakacheka, isipokuwa mama mmoja nyuma yangu ambaye hakucheka, bali alimvuta mtoto wake na kutoka naye nje. Kisha msimamizi akavikokota vyote kwa ubavu wa daftari hadi kwenye mfuko wa plastiki, wa aina ile iliyopigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, akanisukumia. Mimi ni mtu wa umri wa kumzaa baba yake. Hata shikamoo sikuipata.

Na wala sikuwa nimekwenda kukabidhi mzigo siku hiyo! Nilikwenda kuuliza. Mteja wangu wa Nyeri alikuwa amenipigia simu kwamba hajapata kitu, ilhali ujumbe wenu kwenye simu yangu ulisema mzigo umeshafika. Kisanduku nilikikuta chini ya meza, pale pale Tanga, kikiwa hakijasogea tangu nilipokilipia tarehe 10, na juu yake pamewekwa dumu la mafuta. Januari na Februari ni miezi ya ukavu, mito ile huwa na maji maangavu kabla ya masika kuyachafua. Wageni wa mteja wangu walikuja kuvua na kuondoka, naye amekwisha kununua kwa mtu mwingine.

Huduma yenu kwa wateja ilinieleza kwamba hakuna fidia kwa kuwa manyoya yaliyojikunja hunyooshwa. Ni kweli, mvuke wa birika hunyoosha manyoya yaliyolala, nami hufanya hivyo. Lakini mvuke hauoteshi unyoya uliong'oka, wala haurudishi ndoana iliyopindishwa kwa kisigino.

Nilipoanza barua hii nilikusudia kudai gharama ya usafirishaji na shilingi 480,000 basi. Ninavyoendelea kuandika ndivyo ninavyoona kwamba hilo ni dogo. Ninataka fedha hizo zote, na pia barua rasmi kwa mteja wangu inayokiri kwamba ucheleweshaji ni wenu, si wangu. Zaidi ya hayo, msimamizi yule aniombe radhi kwenye kaunta ile ile, saa za kazi, wateja wakiwapo, kwa sauti ile ile aliyotumia kuniita mteja wa waganga. Katika nchi ambayo wazee wameuawa kwa kushukiwa uchawi, maneno aliyoyatamka mbele ya majirani zangu si mzaha.

Nisipopata yote matatu ndani ya siku 14, nitapeleka shauri hili Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, iliyowapa leseni chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, na kutoka hapo mahakamani, ambako sitadai tena bei ya vyambo peke yake, bali pia fidia ya kudhalilishwa. Mfuko ule wa plastiki sijaufungua, na sitaufungua mpaka nitakapotakiwa kuutoa kama ushahidi.

Siku 14 zinahesabiwa kuanzia tarehe ya barua hii.

Wako,
Mteja mwenye stakabadhi iliyoambatanishwa

Nakala: Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano