Nyumba Ambayo Mkataba wa Dalali Unakaribia Kuisha: Namna ya Kuitafuta Hapa Kigoma

Wateja wengi wanaofika ofisini kwetu huulizia nyumba iliyoingia sokoni wiki hii. Ulizia pia ile ambayo mkataba wa dalali na mwenye nyumba umebakiza wiki mbili tatu. Mwenye nyumba huyo ameshachoka kupokea watu wa kuangalia tu, na bei aliyoanza nayo anaitilia shaka mwenyewe. Ukienda na fedha iliyo tayari, mtasikilizana.

Marekani madalali wana kanzidata ya pamoja, na kila nyumba imeandikiwa tarehe ya mwisho. Huku Mwanga, Gungu au Ujiji, tangazo likishaingia kwenye kundi la WhatsApp linanakiliwa na madalali watano, kila mmoja na cha juu chake, na tarehe inapotelea humo. Kwa hiyo muulize dalali waziwazi: mliandikishana lini, na mkataba unaisha lini? Asiye na maandishi atababaika. Tazama na picha. Ikiwa tuko Agosti na uani kunaonekana mahindi mabichi, nyumba hiyo inauzwa tangu masika.

Kisha tafuta kwa nini imekaa. Kama ni bei, vizuri. Lakini Ujiji kuna nyumba nyingi za urithi, na mara nyingi kinachokwamisha ni ndugu mmoja aliyeko mbali ambaye hajakubali. Hapo omba barua ya usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani, na uzungumze na warithi wenyewe. Kama ni nyumba ya wanandoa, kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinataka ridhaa ya mwenza. Mume peke yake hatoshi, wala mke peke yake. Yenye hati, fanya upekuzi ofisi ya ardhi, yaani uangalie kwenye kumbukumbu zao mmiliki ni nani, kabla hujatoa hata advansi. Hili tunalisisitiza kwa kila mteja, hata yule mwenye haraka.

Wapo wanaosubiri mkataba uishe ili wamkwepe dalali aliyewaonyesha nyumba. Hatushauri. Mikataba mingi inalinda malipo ya dalali kwa mteja aliyemleta yeye, hata mkataba ukishaisha, na ugomvi huo humwangukia mnunuzi.

Sisi tunaandika tarehe ya kuanza na ya kuisha kwenye kila tangazo letu. Ukihitaji orodha ya zinazokaribia kuisha, tuambie mtaa unaoutaka, bajeti yako, na kama lazima iwe na hati.